Baiskeli Isiyotamaniwa na Mwizi

Hiske Dijkema aliweza kushika kalibu ya mdomo wa mtu asiyemjua, yenye mate yaliyokauka na chembe ya mkate iliyonasa kwenye fizi, huku mkono wa pili umeshika kipande chake mwenyewe cha mkate na jibini, naye akaendelea kutafuna. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kuchonga meno ya bandia, na alikuwa ameifanya tangu usichana. Lakini mwonyeshe siti ya baiskeli iliyolala nje stesheni usiku kucha, uso wote ulimkunjamana. Kinyaa cha watu hakina mpangilio, na cha Hiske ndicho kilikuwa vurugu tupu.

Miaka yote karakana ya meno ilikuwa katika mji mdogo wa jirani na kijiji chao, huko Friesland. Alikuwa akipanda baiskeli, anafuata mfereji, anafika kabla nywele hazijamkauka. Kisha mwenye karakana, Roelof, kijana aliyeirithi kutoka kwa baba yake, akaamua kuihamishia mji mkubwa, kwenye jengo la vioo. Habari hiyo aliileta na keki, maana katika nchi ile habari ya kumfanya mtu alie haisemwi mpaka kwanza akabidhiwe keki. Hiske aliitazama krimu yake, akaona imefanana na plasta ya kalibu, akairudisha sahani mezani bila kuigusa.

Jioni ile alimweleza mumewe, Wobbe. Wobbe alikuwa dereva wa lori mpaka magoti yalipomsaliti, na gari lao dogo walikwisha kuliuza, kwa kuwa Hiske hakuwahi kujifunza kuendesha. Alikuwa amekaa kwenye sofa lake, sofa ambalo tangu mwaka uliopita lilikuwa pia kitanda chake.

"Basi tuhamie mjini," Wobbe akasema, kana kwamba jibu alikuwa nalo mfukoni siku nyingi. "Kuna fleti nzuri. Unatoka mlangoni, kazini hapo."

"Fleti! Nikae kwenye kabati juu ya kabati za watu, nisikie jirani akienda msalani?"

"Nyumba hii imenichosha, Hiske."

"Nyumba imekuchosha au umechoka kuinuka? Umekaa mpaka suruali inang'aa matakoni. Nakuonea aibu mbele ya majirani."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama yake Hiske, imeegemea tuta linalozuia bahari, na chumba chao kilikuwa juu, kwenye dirisha linalotazama malisho. Hiske alizaliwa katika chumba kile na alikusudia kufia mle. Kuiuza, kwake, ilikuwa sawa na kuuza mguu.

Walibishana mpaka viazi vikapoa. Mwisho wakakubaliana kama watu wazima wanavyokubaliana wakiwa wamechoka: Hiske ajaribu kwenda na kurudi, kwa baiskeli na treni. Akiweza, wanabaki. Lakini siku atakayochelewa kazini kwa sababu ya safari hiyo, hata mara moja, Wobbe atampigia dalali simu na Hiske hatafungua mdomo.

"Hata mara moja?" Hiske akauliza.

"Hata mara moja. Wewe si ndiye unayesema watu wa kuchelewa ni wachafu wa roho?"

Alikuwa amelisema, tena mara nyingi.

Basi akaanza kupanga. Alitandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akaifuta kwanza kwa kitambaa chenye siki, kwa sababu ramani ilitoka maktaba na Mungu ndiye ajuaye nani alilamba kidole akaifunua. Kutoka kijijini hadi stesheni ndogo ni mwendo mrefu, wote juu ya tuta au kando ya mfereji, mahali ambapo upepo haukutani na kitu chochote isipokuwa kondoo na wewe. Kisha treni. Kisha kutoka stesheni ya mjini hadi karakana mpya, ambayo Roelof kwa busara zake aliipeleka upande wa pili kabisa wa mji. Baiskeli nzima hairuhusiwi kwenye treni ya asubuhi, wakati watu wanaenda kazini. Ya kukunja inaruhusiwa, ila Hiske alimwona mzee mmoja amepanda baiskeli ya kukunja, magoti yanampiga kidevuni, akasema bora aende kwa magoti yake mwenyewe.

Ikabaki njia ya wenyeji wote: baiskeli mbili. Moja nzuri, ya kutoka nyumbani, na nyingine ya kukaa mjini stesheni. Na hiyo ya stesheni kila mtoto wa nchi ile anajua inavyopaswa kuwa. Iende vizuri, lakini iwe na sura mbaya. Ikiwa na mvuto wowote, ukirudi utakuta kufuli peke yake.

Bandani kulikuwa na baiskeli ya zamani ya Wobbe. Hiske akaitoa, akaosha utando wa buibui huku ameziba pua, kisha akaanza kuiharibu. Akaipaka rangi ya kahawia iliyobaki kwenye kopo la lango la kondoo, kwa brashi nene, akiacha makusudi madonge na michirizi. Akang'oa kengele. Akang'oa madigadi zote mbili. Akachuna mpira wa pedali moja. Wobbe alikaa kwenye kiti mlangoni mwa jikoni, akicheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mama wee! Hata mwizi mwenye njaa ataipita akiiombea dua!"

"Ndiyo shabaha."

"Hapo umefaulu. Hiyo hata mimi niliyeinunua naikana."

Hiske mwenyewe aliitazama akarudi nyuma hatua moja. Aliyezoea kuhesabiwa mtu safi kuliko wote kijijini alikuwa amezaa kitu kile kwa mikono yake. Lakini alijivunia pia, sitaficha.

Katika nchi ile, mtoto anapomaliza shule ya kijiji na kuanza sekondari mji wa mbali, mzazi hupanda naye baiskeli kiangazi kile wakaipitia njia nzima kwa majaribio, ili siku ya kwanza asipotee. Hiske alikwenda hivyo na binti yao zamani. Sasa alijipeleka mwenyewe, Jumapili moja baada ya nyingine, saa ya mkononi ikiwa juu ya usukani. Alipima na upepo wa mbele, akapima na mvua, akaweka akiba ya muda kwa ajili ya pancha na akiba nyingine kwa ajili ya daraja la mfereji, ambalo huinuliwa kila tajiri anapotaka kupitisha mashua yake. Kilichowezekana kupangwa alikipanga. Wanadamu ndio waliomshinda.

Maana kupanga safari Jumapili ni jambo moja, na kukaa ndani ya treni Jumatatu asubuhi ni lingine. Kulikuwa na mvulana aliyeweka viatu juu ya kiti. Kulikuwa na bwana mmoja wa tai aliyekula kitumbua cha nyama saa ambayo hata mbwa bado hajaamka, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akashika kile chuma ambacho watu wote hushika. Kulikuwa na mama aliyekata kucha. Hiske alimwona kwa macho yake: kucha moja iliruka ikatua kwenye koti la abiria mwingine, na abiria yule akaenda nayo hadi kazini kwake bila habari. Hiske alikuwa akishuka mjini akiwa ameshikilia pumzi tangu nusu ya njia.

Na maegesho ya baiskeli stesheni! Hapo hata mimi, ambaye nimekula samaki mbichi sokoni na kulala bandani na kondoo, napita haraka. Maelfu ya baiskeli yamebanana chini ya paa la bati, juu ya bati njiwa, chini ya bati wale wanaume wanaoona kila nguzo ni choo. Kila asubuhi watu wa matangazo walivalisha siti vifuniko vya plastiki vya kutangaza simu na bima, au walifunga vikaratasi kwenye usukani. Hiske alikuwa akivikata kwa mkasi wake wa plasta na kuvitupa bila kuvitazama, kwa vidole viwili.

Halafu Jumatatu moja akakuta mtu ametapika juu ya siti yake. Na si kutapika tu. Viazi vya kukaanga bado vilitambulika.

Akavua kitambaa cha shingoni, akafuta, akakitupa kitambaa, akaenda kazini amesimama juu ya pedali njia nzima. Jioni akamwambia Wobbe:

"Nataka siti inayotoka. Nishuke nayo, niende nayo."

"Utaenda nayo wapi?"

"Nyumbani. Mkobani."

"Utazunguka na siti ya baiskeli mkobani kama mwendawazimu?"

"Bora mwendawazimu kuliko kukalia matapishi ya mwanafunzi."

Wobbe akacheka, lakini jioni ileile akamtengenezea kwenye meza ya jikoni kishikio cha kufungua kwa mkono, kutoka kwenye vipuri vyake vya zamani. Tangu siku hiyo Hiske alisafiri na siti yake ndani ya mfuko safi. Ile ya kahawia ikabaki stesheni na chuma chake kilichosimama uchi.

Wiki zikapita, hakuchelewa. Alitoka nyumbani gizani, akarudi gizani. Saa kumi na mbili jioni, saa ambayo nchi nzima inakaa mezani, Wobbe alikula peke yake, na sahani ya Hiske ikamngoja juu ya sufuria ikiwa imefunikwa. Sebuleni kulinuka dawa ya kuchua na soksi. Hiske alikula amesimama karibu na dirisha, akamuaga, akapanda ngazi kwenda kulala. Ngazi za nyumba zile ni za kupanda kama unakwea dari, nyembamba na wima, naye alizipanda kama paka.

Kilichomkera zaidi kilikuwa kitanda. Asubuhi aliacha dirisha la juu wazi na kuning'iniza lihafu lake dirishani lipate hewa, kama wanavyofanya wanawake wote wa kule wenye kujiheshimu. Jioni alikuta dirisha limefungwa, kitanda kimetandikwa, mto umepigwapigwa ukafura. Basi Wobbe alikuwa akipanda. Na kama anaweza kupanda mchana, kwa nini usiku anang'ang'ania sofa? Goti gani linapona mchana na kuugua jioni? Hiske alilipata jibu lake: mzee anasusa. Anamwonyesha kwamba nyumba haifai, ili ashinde. Alipofikiria hivyo, kinyaa alichokuwa nacho kwa treni na njiwa kilihamia sebuleni, kikakaa juu ya sofa karibu na mumewe.

Oktoba ikaingia na mvua ya ubavuni. Asubuhi hiyo Hiske alishuka treni, akaenda kwenye nguzo yake, mkono mmoja tayari umeingia mkobani. Nguzo ilikuwa tupu. Pembeni lilisimama lori la manispaa, na wanaume wawili wenye vizibao vya manjano walikuwa wakirusha baiskeli mbovu juu ya nyingine. Katikati ya lundo aliona rangi ya lango la kondoo.

"Nyie! Hiyo yangu! Shusheni!"

"Ipi, mama?" akauliza mnene kati yao.

"Ya kahawia."

Mnene akageuka, akaitazama, akamtazama mwenzake. "Ile? Mama, ile si baiskeli, ile ni maiti. Haina siti, haina madigadi, haina kengele, pedali imekufa. Tuna amri ya kuondoa mabaki."

"Nimekuja nayo jana!"

"Umekuja nayo umekaa wapi? Tuliifunga karatasi ya onyo wiki iliyopita, mtu akainyofoa."

Hiske akakumbuka mkasi wake, vidole vyake viwili, na pipa la taka. Akaufungua mkoba kwa hasira, akatoa siti, akainyanyua juu.

"Siti hii hapa!"

Kisha yule mwembamba akakaa juu ya ngazi ya lori kwa kicheko. "Ametembea nayo! Wallahi ametembea nayo! Mama, usukani nao umeuweka wapi, chumbani?"

"Mshenzi wewe. Nishushie."

"Iko chini ya nyingine hamsini, mama yangu," akasema mnene, sasa kwa upole, jambo lililomkera Hiske kuliko kicheko. "Njoo nayo hiyo siti ghalani kwetu kesho, tutakutafutia."

Lori likaondoka. Hiske akabaki maegeshoni na siti mkononi, njiwa juu yake, watu wakimpita wakitabasamu. Basi la jiji lilikuwa limeondoka. Akatembea. Alivuka mji mzima kwenye mvua, siti imebanwa kwapani, na kila hatua alijua ni hatua ya kutoka nyumbani kwa mama yake.

Aliingia karakana wenzake wameshakunywa kahawa ya kwanza na kurudi kwenye kalibu zao. Alikaa, akashika kisu cha nta, akaiharibu nta mara mbili. Roelof akaja, ananukia marashi, akamtazama alivyolowa.

"Hiske, nenda nyumbani. Mkono huo leo hautoi jino."

"Nimechelewa."

"Umechelewa? Miaka yote hii, nani anahesabu? Sijaona kitu."

Treni ya mchana ilikuwa nusu tupu. Hiske alikaa akaona njia ya kutokea imefunguka yenyewe. Roelof hajaona kitu. Wobbe hajui kitu. Atasema tanuri la kuchomea meno limeharibika, wamerudishwa wote. Baiskeli nyingine mbaya itapatikana, nchi imejaa. Uongo ulimjia mzima, umekwisha kuoshwa na kukaushwa, na wepesi wake ukamtia kinyaa kuliko kucha ya yule mama. Lakini hakuuacha. Aliupanga vizuri zaidi alipokuwa juu ya tuta, upepo ukimsukuma mgongoni.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu. Ndipo akasikia kishindo kidogo. Kimya. Kishindo tena. Mlango wa ukumbini ulikuwa na kioo, naye akachungulia.

Wobbe alikuwa kwenye ngazi. Amezipa ngazi mgongo, amekaa kitako, mikono miwili imeshika daraja la nyuma yake. Alijikaza, akajiinua kwa mikono, akatua matako daraja moja juu. Kishindo. Miguu ikafuata, mmoja mmoja, akiuvuta wa kulia kwa kushika suruali. Akapumzika. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, naye akalifuta kwa mkono wa shati.

"Haya," akaziambia ngazi, "na wewe mwingine, mpumbavu mkubwa."

Kishindo.

Hiske akasogea karibu zaidi na kioo. Aliitazama ile suruali, mahali inapong'aa. Alimsikia akifika juu, akijivuta, dirisha likifungwa, lihafu likikung'utwa, mto ukipigwa. Kisha akamsikia akianza kushuka, kwa mwendo uleule. Ilichukua muda ambao mtu angeweza kuchemsha viazi. Kila siku, wakati yeye anahesabu kucha za watu ndani ya treni.

Alingoja mpaka sofa lilipolia. Ndipo akaufungua na kuufunga mlango wa nyuma kwa nguvu, kama mtu anayefika sasa hivi.

"Mbona mapema?" Wobbe akauliza kutoka sofani. Bado alikuwa akihema, amewahi kushika rimoti, na televisheni haikuwa imewashwa. "Kumetokea nini?"

Tanuri limeharibika, maneno yalikuwa pale kwenye ulimi. Hiske alipita jikoni, akaufungua mkoba, akaitoa siti, iliyolowa maji ya mvua ya stesheni, akaiweka mezani. Juu ya kitambaa cheupe, kando ya mkate.

Wobbe akaitazama ile siti, akamtazama yeye. Miaka arobaini ya ndoa, hata funguo zilikuwa haziruhusiwi mezani pale.

"Hiske. Unaumwa?"

"Wameizoa. Wameona ni takataka. Nimefika kazini wenzangu wameshakunywa kahawa. Mpigie dalali."

Wobbe hakuishika simu. Aliipapasa tu mikono yake, viganja vyekundu kwa kushika mbao. "Nani amekuona umechelewa?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini unaniambia?"

Hiske akaiacha siti mezani. Akaenda akakaa kwenye sofa, pale penye soksi na harufu ya dawa ya kuchua, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu mwaka uliopita. Akakaa karibu kabisa, koti likiwa bado linachuruzika.

"Ya chini kabisa," akasema. "Mwambie dalali fleti ya ghorofa ya chini kabisa. Lifti zao zinanuka mikojo. Na sofa hili, Wobbe, haliji nasi."